Vijana Wetu na Gemu la God of War: Tuliyoyaona Tulipokaa Nao



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo lililoleta mabishano katika nyumba nyingi za hapa kwetu Musinzira, mjini Gitega. Jambo lenyewe ni gemu liitwalo God of War, yaani "mungu wa vita".

Jina peke yake linatosha kumshtua mzazi Mwislamu. Siku moja baada ya swala ya Ijumaa tuliwasikia wazee wawili wakibishana. Mmoja alisema simu zote zenye gemu hilo zivunjwe. Mwingine alisema ni mchezo tu kama mpira, vijana watakua na wataacha wenyewe. Tulipowauliza kama wameliona, wote wawili walisema hapana. Dini yetu inatufundisha kutohukumu jambo tusilo na elimu nalo. Kwa hiyo sisi, baba na mama wa nyumba moja ya Musinzira, tuliamua katika likizo kubwa ya mwaka 2024 kukaa na kijana wetu mkubwa na kulifuata gemu hilo tangu mwanzo hadi mwisho.

Kijana wetu alikuwa na miaka 19. Mdogo wake ana miaka 13, naye hakuruhusiwa kukaa nasi. Alitoka kwenda uwanjani huku akinung'unika, na kila jioni alirudi akiuliza tumefika wapi.

Gemu lenyewe ni lipi

Gemu la kwanza la God of War lilitoka Marekani tarehe 22 Machi 2005, kwa ajili ya mashine ya PlayStation 2. Lilitengenezwa na studio ya Sony iliyokuwa Santa Monica, California, na mwongozaji wake alikuwa David Jaffe. La pili lilifuata mwaka 2007, na la tatu mwaka 2010. Yalitoka pia mengine mawili ya kuchezwa kwenye PSP, ile mashine ndogo ya mkononi: Chains of Olympus mwaka 2008 na Ghost of Sparta mwaka 2010.

Wazazi wengi hawaelewi gemu la mashine za gharama limefikaje Gitega. Njia yake ni simu. Tangu mwaka 2012 kuna programu iitwayo PPSSPP inayoiwezesha simu ya kawaida kucheza magemu ya PSP. Kijana mmoja akiwa nalo kwenye kadi ya memori, baada ya wiki moja darasa zima linalo. Jamaa zetu walioko Muyinga wametuambia kuwa huko nako ni hivyo hivyo.

Sisi tulitumia PSP yenyewe na diski yake ndani ya kasha, vitu alivyoviacha mjomba wa watoto anayeishi Brussels alipokuja kutusalimia. Juu ya kasha lile kuna alama kubwa ya namba 18, inayowekwa na shirika la PEGI kwa nchi za Ulaya. Maana yake ni kwamba gemu halimfai mtu aliye chini ya miaka 18. Marekani limepewa herufi M, yaani kuanzia miaka 17. Basi tazameni, wazazi wenzetu: hayo ni maneno ya watu wa biashara hiyo wenyewe, hayakutoka kwa shehe. Lakini gemu likinakiliwa kutoka simu hadi simu, kasha halifuatani nalo, wala ile namba 18 haifuatani nalo. Mtoto wa Musinzira hulipata bila onyo lolote. Tena maalim wetu wa madrasa alitukumbusha kuwa kunakili mali ya mtu bila idhini yake ni jambo la kuulizwa pia, hata kama mwenye mali yuko mbali.

Hadithi ya Kratos

Shujaa wa gemu anaitwa Kratos, askari wa Sparta katika Ugiriki ya kale. Alikuwa kamanda aliyeshinda vita vingi, mpaka siku moja akazidiwa na maadui. Alipoona mauti mbele yake alimwita Ares, ambaye Wagiriki wa zamani walimwamini kuwa ndiye mungu wa vita, akamwahidi maisha yake ili amwokoe. Ares akamwokoa na kumpa mapanga mawili yenye minyororo iliyounguzwa hadi ikashikamana na mikono yake. Tangu hapo Kratos akawa mtu wa kuamrishwa kuua, na akaua.

Kisha, katika kijiji kimoja, Kratos akaingia hekaluni akiwa amepofushwa na hasira, akaua kila aliyekuwa ndani. Alipotulia akaona kuwa miongoni mwa aliowaua ni mke wake na binti yake mdogo. Ares ndiye aliyewaweka humo kwa hila, ili Kratos asibakiwe na kitu cha kumrudisha nyumbani. Majivu ya mke na mtoto yakaganda kwenye ngozi yake kwa laana. Ndiyo sababu katika picha zote anaonekana mweupe kama mtu aliyepakwa chokaa. Vijana wengi tuliowauliza walidhani ni rangi ya mwili wake tu.

Hapo ndipo tulipoanza kuelewa jambo ambalo ndilo lililotufanya tuandike makala hii. Vijana wanalicheza gemu, lakini hadithi yake hawaijui. Nakala tulizoziona kwa wenzake kijana wetu zilikuwa za Kiingereza, na vijana wetu wana Kirundi, wana Kiswahili, wana Kifaransa cha shule, ila Kiingereza chao bado ni kidogo. Sehemu za maneno zikifika, huo ndio wakati wa kwenda kunywa maji. Mapigano yakianza, wanarudi mbio. Kijana wetu, ambaye Kiingereza anakiweza, alikuwa ametutangulia kulimaliza mara mbili, lakini alituambia kuwa ni mara yake ya kwanza kusikiliza kila neno, kwa sababu ilimbidi atutafsirie.

Je, ni shirki?

Swali la kwanza la kila mzazi ni hili la miungu. Humo ndani wamo Zeus, Athena, Helios, Hades, Persephone na wengineo. Tulimpelekea maalim wetu suala hili, naye hakulijibu kwa neno moja. Alituuliza kwanza: mchezaji anatakiwa kuwaamini? Anatakiwa kuwaomba kwa moyo wake? Au anaambiwa habari za watu wa kale walivyoamini?

Tukakumbuka Makumbusho ya Taifa yaliyopo hapa hapa Gitega, yaliyoanzishwa mwaka 1955. Watoto wa shule huingia humo na kuona vitu vya enzi za wafalme na mambo ya jadi. Kila mtoto wa mji huu amesikia kwa wazee habari za Kiranga, na jinsi Warundi wa zamani walivyomwendea. Kujua habari hizo hakujamtoa mtoto yeyote katika Uislamu. Kinachomtoa mtu ni itikadi na ibada.

Hata hivyo wanazuoni wa zamani walikuwa na hadhari. Katika Baghdad ya Bani Abbas, kazi kubwa ilifanyika ya kutafsiri vitabu vya Wagiriki kwa Kiarabu: tiba ya Galen, falsafa ya Aristotle, hesabu na elimu ya nyota. Mfasiri mashuhuri wa zama hizo, Hunayn ibn Ishaq, alifariki mwaka 873. Lakini tenzi za miungu ya Wagiriki hazikupewa nafasi hiyo. Iliad ya Homer ilisubiri mpaka mwaka 1904 ndipo Sulayman al-Bustani alipoichapisha kwa Kiarabu mjini Cairo. Watu wale walichukua dawa na hesabu, wakaziacha hadithi za miungu. Walikuwa wakichagua, na kuchagua ni jambo la kuwafundisha vijana wetu.

Tena tulishangaa kuona kuwa gemu lenyewe haliwapambi hao miungu. Wanadanganyana, wanaoneana wivu, wanasalitiana. Katika Chains of Olympus jua linaanguka kutoka mbinguni kwa sababu Helios ametekwa, ulimwengu unafunikwa na giza na usingizi, na kila mungu anaangalia maslahi yake. Kijana wetu alicheka akasema, "Baba, hawa wanagombana kama watu wa sokoni." Mama yake akamuuliza kama anaikumbuka hoja ya Surat Al-Anbiyaa juu ya mbingu na ardhi lau zingekuwa na miungu wengi. Akaikumbuka, tukaisoma pamoja, na tafsiri yake pia. Hatusemi kuwa gemu ni darasa la tauhidi. Tunasema kuwa kijana aliyekaa na mzazi wake aliunganisha mambo mawili ambayo asingeyaunganisha akiwa peke yake chini ya blanketi.

Jambo lisilo na mjadala ni uchi na zinaa. Humo kuna wanawake wasiositiriwa, na mwanzoni kuna sehemu ya uchafu. Mchezaji anaweza kuipita asiiguse, na sisi tuliipita, lakini mtoto wa miaka 13 aliye peke yake hatupaswi kumtarajia aipite.

Mkono unajifunza nini

Sasa tuje kwenye hasira. Hadithi ya Kratos, ukiisikiliza, ni onyo kali juu ya hasira. Mtu aliiuza nafsi yake kwa sababu ya kutaka ushindi, akapoteza watu aliowapenda kuliko wote. Hakuna shehe angeweza kulisema jambo hilo kwa mfano mkali zaidi.

Lakini vidole vinafundishwa mengine. Kila anayeuawa anatoa nuru ndogo nyekundu, na nuru hizo ndizo za kuongezea nguvu za silaha. Ukipiga mfululizo bila kupumzika, hesabu ya mapigo inapanda kwenye kioo na malipo yanaongezeka. Katika lile gemu la mwaka 2005 kuna hata kipimo cha hasira. Kikijaa, mchezaji anabonyeza vijiti viwili vya pedi kwa pamoja, na nguvu za Kratos zinaongezeka. Yaani hasira imefanywa akiba ya kuwekwa na kutumiwa.

Mtume wetu (s.a.w.) alipoombwa wasia na mtu mmoja, alimuusia asikasirike, na mtu yule aliporudia kuomba, jibu likawa lile lile. Tena ametufundisha kuwa aliyekasirika akiwa amesimama akae, na isipomtoka basi alale. Hasira ya Mwislamu inakalishwa chini. Hasira ya Kratos inabonyezwa ili ipande. Kijana anayecheza saa 3 kwa siku bila kuisikia hadithi, onyo limempita, na malipo ameyapata yote.

Hatudai kuwa gemu linamfanya mtoto awe muuaji. Hilo watu wa elimu wamelijadili miaka mingi, wala hatutaki kuwatisha wazazi kwa tusichokijua. Tunasema tu tuliyoyaona: hadithi na mkono vinakwenda njia mbili, na mtoto asiyejua lugha huufuata mkono.

Sauti aliyoisikia bibi

Chains of Olympus linaanza kwa mji wa Attica kushambuliwa na jeshi la Waajemi. Moto unawaka, watu wanakimbia, kuna mayowe. Siku ya kwanza tulikuwa tumekaa sebuleni, tumebanana watatu mbele ya kioo kile kidogo, na sauti ilikuwa juu. Bibi yao, mama mzazi wa mmoja wetu, alikuwa amekaa karibu na mlango akichambua mchele. Macho yake siku hizi ni dhaifu. Kioo hakukiona, alisikia tu.

Akauliza, "Hao wanaolia ni akina nani?"

Kijana akajibu bila kuinua kichwa, "Si watu, bibi. Ni gemu."

Bibi akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mmoja ni mtoto," akainuka na ungo wake akaenda kukaa uani.

Kijana alilisimamisha gemu. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Ndugu wasomaji, mnajua nchi yetu ilipotoka. Mwezi Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na vita vilivyofuata vilidumu miaka mingi. Mkataba wa Arusha ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, na bado mapigano hayakwisha siku hiyo. Katiba mpya ilipigiwa kura tarehe 28 Februari 2005. Siku 22 baadaye, ng'ambo ya bahari, ndipo gemu la God of War lilipoanza kuuzwa. Kijana wetu amezaliwa mwaka huo huo. Vita anavijua kwa tarehe za darasani. Sauti zake amezijua kwanza kwenye simu.

Wazee wengi wa hapa hawasimulii. Wana sababu zao, na hatuwalaumu. Kuna mambo ambayo mtu akiyatamka yanarudi, na kuna majirani wanaoishi pamoja leo kwa sababu wamechagua kutoyatamka. Lakini jioni ile, baada ya swala ya Isha, kijana alikwenda mwenyewe uani kwa bibi yake, na sisi tukamfuata.

Bibi hakusimulia mambo ya damu. Alisimulia habari ya sufuria. Walikuwa wakiishi upande wa Muyinga. Maharage yalikuwa jikoni, hayajaiva, watu walipoanza kukimbia. Aliishika sufuria ikiwa ya moto kwa kanga, akaiweka kichwani, akatoka na watoto watatu, mmoja mgongoni. Alitembea nayo usiku kucha, na kesho yake mchana pia, kuelekea mpaka wa Tanzania. Mmoja wetu sisi tunaoandika alikuwa na miaka 9 wakati huo, ameshika upindo wa kanga yake. Sufuria ile anaikumbuka hadi leo, lakini hakuwahi kuuliza ilikwenda wapi.

Kijana akauliza, "Mliyala?"

Bibi akasema, "Tuliyamwaga. Maji ya kuyamalizia kupika hatukuwa nayo. Sufuria tukafika nayo Ngara."

Kisha akasema kuwa mpaka leo akisikia mtoto akilia usiku kwa jirani, kwanza mikono yake inatafuta kitu cha kubeba, kabla akili haijamwambia kuwa ni mtoto tu ana homa. Kijana alikaa naye hadi usiku mwingi. Yaliyobaki waliyozungumza ni yao wawili.

Binti wa Kratos

Tuliendelea na gemu siku zilizofuata, baada ya Alasiri hadi kabla ya Magharibi, kwa sauti ya chini, na bibi akiwa amekwenda kwa jirani. Tukafika mahali ambapo kijana alituambia kuwa hapo kila mchezaji hupakumbuka. Kratos amefika ulimwengu wa wafu, na Persephone amemwahidi kumkutanisha na binti yake Calliope ikiwa ataziacha nguvu zake zote. Anaziacha. Anamkumbatia mtoto. Halafu anagundua kuwa ni hila, kwamba wakati yeye amekaa na mtoto wake ulimwengu unaangamizwa, na huyo mtoto naye ataangamia humo humo. Ili azirudishe nguvu zake lazima amwache, na mtoto hataki kuachwa. Hapo mchezaji ndiye anayetakiwa kubonyeza kitufe, tena na tena, kumsukuma mtoto anayelia na kumng'ang'ania baba yake.

Kijana wetu alibonyeza mara chache, akasita. Alisema zamani alikuwa akikibonyeza kitufe hicho haraka haraka kwa kuwa alidhani ni mtihani wa mwendo wa vidole. Kwa dakika hiyo moja mkono na hadithi vilikuwa pamoja, na tuliona usoni pake kuwa ameelewa anachokifanya. Kisha mapigano yakarudi na nuru nyekundu zikaanza kumwagika tena, na nyingi zaidi, maana Kratos huzirudisha nguvu zake kwa kuziua roho zisizo na hatia zilizokuwa zimetulia mahali pale. Hilo nalo mchezaji hulifanya kwa mkono wake, na analipwa.

Mwaka 2018 studio ile ile ilitoa God of War jipya, lililohama Ugiriki kwenda nchi za kaskazini ya Ulaya, na mwaka 2022 likafuata Ragnarök. Mwongozaji wa lile la 2018, Cory Barlog, alikuwa amepata mtoto, na gemu lake ni la baba na mwana. Kratos amezeeka, ana mtoto wa kiume aitwaye Atreus, na muda mrefu anamficha alikotoka na aliyoyafanya. Anadhani kunyamaza ni kumlinda. Mtoto anakua na hasira asiyoijua imetoka wapi, mpaka baba anapolazimika kusema. Hapa Gitega wengi hulitazama kwa video tu, maana mashine zake ni za bei kubwa. Tulipolitazama, mmoja wetu aliondoka akaenda kukaa na mama yake uani.

Tuliyoyaamua nyumbani kwetu

Wazazi wenzetu, kila nyumba ina hali yake, nasi si wanazuoni. Tunaeleza tu tulivyopanga, anayeona faida achukue.

Kwanza, wa miaka 13 halichezi, na tumemweleza sababu moja baada ya moja: uchi, umri, na damu. Hakufurahi, na hadi leo anasema wenzake wote wanalicheza. Tumemwambia kweli, wanalicheza. Bado jibu ni hilo. Gemu la mpira analo.

Pili, wa miaka 19 ni mtu mzima mbele ya Mwenyezi Mungu, na anaandikiwa mwenyewe. Tumemuomba mambo mawili: lisisikike bibi akiwa nyumbani, na adhana ikilia lisimamishwe. Hili la pili lisiwe na udhuru. Gemu la mpira la kushindana na mtu kwenye intaneti halingoji, lakini Kratos anangoja. Ukibonyeza kitufe anasimama pale pale na panga lake hewani hadi umalize sunna zako.

Tatu, tunawauliza vijana wanaokuja kwetu swali moja kabla ya kuwasema: kwa nini Kratos ni mweupe? Asiyejua tunamhadithia. Wengine wanakaa kimya baada ya hapo. Mmoja alisema angependa angeambiwa mapema.

Nne, na hili tunaliona ndilo kubwa kuliko yote, kijana anayecheza vita katika mji huu anaishi na watu waliovikimbia. Asilazimishwe mzee kusimulia. Lakini akiwa tayari, apatiwe kijana wa kumsikiliza, na simu iwekwe mbali. Kuna mambo ya vita ambayo hakuna gemu litakalomfundisha mtoto, kama uzito wa sufuria ya maharage mabichi kichwani kwa usiku mzima.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awahifadhi vijana wetu na macho yao na mikono yao, awape wazee wetu utulivu wa nyoyo, na aijaalie nchi yetu amani ya kudumu, watoto wa watoto wetu wasivijue vita ila kwa kusimuliwa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.